Mateka Waliokuja Kuzika

Ngano inabisha hodi.

— Ifungulieni.

Ina vumbi miguuni.

— Maji yapo, tutainawisha.

Ina uchungu kinywani.

— Iuteme hapa, tutauonja wote.

Haya, sogeeni. Hapo kale, kale ile wafalme walipokuwa wengi kuliko visima, palikuwa na mto ukiitwa Lwangu. Ng'ambo ya huku walikaa Wandule, wafua majembe. Ng'ambo ya kule walikaa Wagome, wachemsha chumvi. Mndule akitaka chumvi, anavuka. Mgome akitaka jembe, anavuka. Kijana akikosa mchumba huku, anavuka, akampate kule. Palikuwa na kivuko cha mawe, maji hayapiti magoti, na mawe yenyewe yalikuwa yamelainika kwa nyayo za watu.

Na Wandule na Wagome walikuwa watani. Zamani za mababu walipigana mpaka wakachoka. Walipochoka wakaketi, wakanywa maji ya Lwangu kwa kibuyu kimoja, wakapatana: tangu leo ulimi upigane, mikono ipumzike. Basi Mgome akikutana na Mndule njiani, anamwita mtumwa wake. Mndule anamjibu kwamba nyani hana watumwa. Wanacheka, wanapeana mikono, wanaulizana hali za watoto.

Wakaongeza patano jingine, na hilo ndilo kubwa. Mndule akifa, azikwe na Mgome. Mgome akifa, azikwe na Mndule. Walisema mfiwa akichimba mwenyewe, machozi humziba macho na kaburi likaenda upande. Kwa hiyo mtani huja na jembe lake. Huchimba. Akimaliza kuchimba huvaa nguo za marehemu, huketi penye kiti chake, humwiga sauti, humsema vibaya, mpaka wafiwa washindwe kujizuia, wacheke. Kicheko hicho ndicho kinachomfungulia marehemu njia. Asiyechekwa hawafikii wazee wake. Hubaki kuzungukazunguka nyuma ya nyumba kama mgeni aliyesahauliwa. Na mpaka hapo, moto hauwashwi nyumbani mwake na mjane hanawi uso.

Sasa, katika Wandule palikuwa na mwanamke jina lake Nyamvula, mama yake Tunu. Mumewe alikuwa Mahimbo, mhunzi, mtu mfupi, mwenye mabega mapana. Mtani wa nyumba yao alikuwa Kapembe, Mgome, mtu mrefu mpaka akiingia mlangoni anainama kama anayesalimia wafalme. Kila siku ya soko Kapembe alivuka. Alikwenda moja kwa moja jikoni, akafunua chungu bila kuuliza, akamwita Nyamvula "mke wangu" na kumpa pole kwa kukaa miaka yote na kipande cha mtu. Mahimbo naye alimwambia kuwa siku ya kumzika atamkunja mara mbili, kwa sababu hakuna Mndule atakayejichosha kuchimba kaburi refu kwa ajili ya mlamba chumvi. Kapembe alijibu kuwa yeye Mahimbo atamzika ndani ya chungu, na nafasi itabaki ya kuweka mboga.

Nyamvula alisonga ugali akiwasikiliza. Moyoni alijua jambo moja: mmoja wa hawa atatangulia, na yule atakayebaki atamcheka mwenzake huku roho inamtoka. Hilo lilimpa amani, kama mtu anayejua kuni za masika ziko darini.

Je, mko nami?

— Tuko nawe.

Basi tuondoke hapo kidogo, twende mbali. Mbali, mbali, mbali. Kunguru akienda kijana anarudi ana mvi. Huko waliishi wakubwa wawili, Bwana wa Chuma na Bwana wa Hariri. Nyamvula hakuwajua. Nao hawakujua kwamba duniani kuna mto uitwao Lwangu. Siku moja wakubwa hawa walialikwa karamu, na mwenye karamu akasahau, akaweka mbele kiti kimoja tu. Bwana wa Chuma alikiangalia kiti. Bwana wa Hariri alikiangalia kiti. Hakuna aliyeketi. Walirudi kwao wamenuna, na mkubwa akinuna hanuni peke yake.

Kwa maana mfalme wa Wandule alikuwa akivaa hariri ya kupewa, na mfalme wa Wagome alikuwa akishika upanga wa kupewa. Mla cha mwenzio na chako huliwa. Huyu akaambiwa: nuna pamoja nami. Yule akaambiwa: nuna pamoja nami. Wakanuna, na hawakuwa wamekosana hata kwa mbuzi.

Mbiu ya mgambo ikalia kwa Wandule. Mpiga mbiu akasema chumvi ya Wagome sasa ni chumvi ya adui, asiinunue mtu. Watu walicheka sana. Walidhani mfalme naye ameanza utani. Lakini mpiga mbiu alikuwa na kapu la vitambaa vya hariri, vyembamba kama ulimi wa mjusi, akawagawia wote waliokuja kusikiliza. Watu wakapiga makofi. Nyamvula naye alipiga. Alipata kitambaa chekundu, akamfungia Tunu nywele, na mtoto akapendeza. Mnaijua methali ya tembo na nyasi, sitaisema. Nitasema tu kile inachokiacha: siku ile nyasi nazo zilishangilia. Msizicheke. Hata mimi ningelichukua kitambaa.

Jioni yake wanawake wakaanza kuimba kinuni:

*Aliyenuna yuko mbali,*
*aliyenunishwa yuko karibu,*
*na mchuzi wetu hauna chumvi.*

Mbiu ikalia mara ya pili. Majembe yasivushwe, adui asilime. Wahunzi wakabaki na majembe yamerundikana kama kuni. Mahimbo aliuliza kwa upole atauza kwa nani. Akajibiwa asifue majembe tena, afue mikuki, na kwamba mikuki haiuzwi, inatolewa. Wanawake wakaimba:

*Aliyenuna yuko mbali,*
*aliyenunishwa yuko karibu,*
*na mhunzi wetu hana mteja.*

Mbiu ikalia mara ya tatu. Kivuko kimefungwa. Mgome atakayekanyaga ng'ambo ya huku ni adui, na asivuke ila akiwa mateka. Mara hii hakukuwa na vitambaa. Makofi yalipigwa hivyohivyo, kwa mazoea. Kivukoni akawekwa askari mkuu na watu wake. Jina lake Chilongo, Mndule wa hapohapo, mtu ambaye Nyamvula alimjua tangu anaota meno. Na wimbo? Siku hiyo wanawake hawakuimba.

Basi Mahimbo akafua mikuki. Mikono yake iliyajua majembe. Ilikuwa imeyafua tangu ujana, ikiyageuza kwenye koleo bila yeye kuangalia. Mkuki ni chuma chembamba, una tabia nyingine. Siku moja ncha ya moto ilichoropoka kwenye koleo ikamchoma mguuni, ikaingia ndani. Kidonda cha namna hiyo kwa Wandule hakikuwa jambo kubwa: kilioshwa kwa maji ya moto yenye chumvi nyingi, mtu akapiga kelele kidogo, kesho yake akarudi kazini. Nyamvula alikwenda kwa jirani, chumvi hakuna. Akaenda kwa jirani wa jirani, hakuna. Akaenda hadi kwa mkubwa wa ukoo, akapewa chungu tupu akikwangue. Akakwangua. Kilichotoka hakikutosha hata kwenye yai.

Mguu ukavimba. Ukawa mweusi. Je, chumvi ingemponya? Siwezi kusema. Walio hai hupenda sana neno "kama". Ninachojua ni kwamba Mahimbo aliona mwisho wake, akamshika mkewe mkono, akamwambia:

"Mwite yule mrefu. Mwambie asinionee kwa sababu ya ufupi wangu. Achimbe kaburi la mtu mzima."

Akafa.

Mkubwa wa ukoo alikuja na wazee wenzake. Hakuwa mtu mbaya; alikuwa ameona mengi na kuchoka. Akasema nyakati zimebadilika, tumzike wenyewe. Nyamvula aliuliza nani basi atawachekesha. Wakamsukuma mbele shemeji yake mmoja, mtu wa maneno, ajaribu. Shemeji alivaa kofia ya Mahimbo, akaketi penye kiti cha Mahimbo, akafungua kinywa kumwiga sauti. Ilitoka sauti ya Mahimbo kabisa, maana walikuwa wa tumbo moja. Wote walilia. Yeye mwenyewe alilia kuliko wote, akaivua ile kofia na kutoka nje.

Nyamvula akasimama. Hajanawa uso, hajafunga nywele. Akaenda kivukoni.

Mara ya kwanza alimwendea Chilongo kwa machozi. Chilongo alitazama chini. Alimpa pole, akasema Mahimbo ndiye aliyemfulia jembe lake la kwanza, kisha akasema amri ni amri. Nyamvula akarudi.

Mara ya pili alikwenda na wazee, wakiwa na jogoo mweupe, kwa kuwa mkono mtupu haulambwi. Chilongo alimkataa jogoo, na hapo wakaona kwamba ana hofu, maana askari asiyepokea jogoo kuna kinachomtisha. Akasema: "Mama Tunu, ungejua." Akawaeleza. Mgeni yuko njiani, mjumbe wa Bwana wa Hariri, anakuja kuona vita alivyoambiwa viko hapa. Mfalme ameleta salamu kuuliza mateka wako wapi. Akaleta salamu tena. Akaleta tena. Vita gani visivyo na mateka? Na Wagome hawavuki, wala hawarushi hata jiwe. Wanachemsha chumvi yao. Akifika mgeni akakuta kivuko kimelala, kichwa cha Chilongo ndicho kitakachoonyeshwa. Naye ana watoto.

Nyamvula alirudi nyumbani. Jua la kiangazi halimngojei mfalme. Ndani ya nyumba walikuwa wamemlaza Mahimbo juu ya majani ya mgomba na kumzungushia majivu, na bado wanawake walikuwa wameanza kujifunika pua kwa ncha za nguo, wakijifanya wanajifuta machozi. Nyamvula aliketi kati yao, akafikiri. Sungura katika ngano hufikiri haraka. Yeye alifikiri polepole, kama mtu anayetafuta sindano gizani.

Kisha akaenda mara ya tatu.

"Chilongo," alisema, "wewe unatafuta mateka. Mimi natafuta wachimba kaburi. Amri inasema Mgome asivuke ila akiwa mateka. Haya, niache niwaite watu wangu wavuke, uwateke."

Chilongo alimwangalia.

"Uwateke," Nyamvula akasema, "uwafunge kamba, uwalete kwangu wachimbe. Mateka hufanya kazi, au sivyo? Mgeni akipita, anaona mateka wanachimba. Akiondoka, kamba zinafunguliwa, wanarudi kwao. Mfalme kapata vita vyake, wewe kichwa chako kimebaki shingoni, na mume wangu amezikwa na mtu wake."

Chilongo alifikiri. Kwa mara ya kwanza tangu kivuko kifungwe, alicheka. Alisema kwamba wanawake ndio waliostahili kupewa kazi ya ujemadari.

Ninyi mnaonaje? Hila ile ilikuwa nzuri au mbaya?

— Ilikuwa nzuri.

Hata mimi naiona nzuri. Ndiyo maana inaniuma.

Nyamvula akapanda jiwe la kivukoni, akapaza sauti kuelekea ng'ambo ya kule. Alimwita Kapembe mla vyura, ngazi isiyo na nyumba, akamwambia mwenzake amemtangulia hata kwenye kufa. Watu walikimbia kumwita. Kapembe alitokea kati ya moshi wa vyungu vya chumvi, akasimama ukingoni. Kisha sauti yake ikavuka maji, nzito, ikikwamakwama:

"Nilijua. Mvivu yule. Kafa mapema asije akanichimbia kaburi refu."

Nyamvula akamweleza hila yote, sentensi kwa sentensi, juu ya maji. Aliposikia kwamba atatekwa, Kapembe aliuliza Wandule watamfunga kwa kitu gani, kwa mlenda? Akawachukua wadogo zake wawili, wakabeba majembe, majembe aliyoyafua Mahimbo mwenyewe. Mkewe, Sikitu, aliwafuata mpaka majini akiwa na pakacha la chumvi kichwani. Akampa mumewe ampelekee mjane, akamwambia asikawie kwa kumtamani mke wa marehemu. Wakavuka. Katikati ya mto askari wakawakamata. Kapembe alinyoosha mikono mwenyewe, akalalamika kuwa kamba inamtekenya.

Walichimba. Kaburi likawa refu, pana, lenye kuta zilizonyooka. Kapembe alishuka akalala ndani kulipima, miguu ikaenea bila kukunjwa, akasema huyu mfupi atapotea humu, atahitaji mtu wa kumwelekeza. Wafiwa walianza kutetemeka mabega. Kisha akatoka, akavaa shuka la Mahimbo lililomfika mapajani, akaweka kofia ya Mahimbo juu ya kichwa chake kikubwa, akaketi penye kiti cha Mahimbo magoti yakimgonga kidevu. Akatoa ile sauti nyembamba ya Mahimbo, akamwamuru Nyamvula alete maji ya kunawa, akalalamika kuwa jembe limemshinda leo kwa sababu ya njaa, na njaa ni kwa sababu ya mke.

Nyamvula alicheka. Kicheko kilimtoka tumboni kama maji ya chemchemi, na machozi pamoja nacho, na hakujua kipi ni kipi. Tunu alicheka. Yule shemeji alicheka mpaka akaketi chini. Mkubwa wa ukoo aliufunika uso wake kwa mikono, mabega yakipanda na kushuka. Wakamshusha Mahimbo kaburini katikati ya kicheko, wakamfukia. Njia ilikuwa imefunguka. Kila mtu aliiona ikifunguka.

Laiti ngano ingeishia hapo. Mngerudi kwenu wepesi.

Kapembe alikuwa bado penye kiti, naye amefika mahali pa mwisho pa utani wa maziko, pale mtani anaporithi kila kitu. Akasema nyumba hii sasa ni yake. Shamba ni lake. Wandule wote ni wake, atawahesabu asubuhi kama mbuzi, na mfalme wao atamfanya dobi wake, amfulie nguo hii ya marehemu maana inanuka.

Watu hawakucheka. Kapembe alidhani mzaha wake umechoka, akageuka.

Mfalme wa Wandule alikuwa amesimama nyuma yake, ndani ya hariri mpaka shingoni. Kando yake alisimama mgeni, mjumbe kutoka mbali, mtu mtaratibu, mwenye vumbi la safari, na kando ya mgeni mkalimani wake. Chilongo alikuwa amepeleka habari kwamba mateka wamepatikana, na mfalme alishindwa kungoja. Alimleta mgeni wake ajionee.

Mgeni aliuliza yule mtu mwenye kamba anasema nini. Mkalimani akatafsiri. Hakuongeza, hakupunguza; kila neno lilikuwa sahihi. Anasema nchi hii ni yake, watu hawa ni wake, na mfalme atamfulia nguo.

Mgeni akamgeukia mfalme, akangoja.

Sikilizeni vizuri hapa. Mfalme alikuwa Mndule. Alilelewa hapo. Baba yake alipokufa, alizikwa na Wagome, na yeye, mtoto wa mfalme, alicheka mpaka akapaliwa na mate, watu wakampigapiga mgongoni. Alijua anachokiona. Pembe moja ya mdomo wake ilikuwa imekwisha kuanza kupanda, na Nyamvula aliiona. Kulikuwa na neno moja tu la kusema: ni mtani. Neno dogo. Lakini angelisema, ingebidi pia aseme kwamba hakuna vita, kwamba hapakuwa na vita, na kwamba hariri ile imevaliwa bure.

Ile pembe ya mdomo ikashuka.

"Ndiyo," mfalme alisema. "Hawa ndio niliokueleza."

Wakubwa wengi nimesikia wakilaaniwa kwa mambo ya namna hii. Mimi yule simlaani, wala simsafishi. Mtu akishavishwa na mwingine, kuvua mbele ya watu ni kazi.

Askari wa mfalme wakawachukua Kapembe na wadogo zake. Nyamvula alijitupa mbele, akaushika mkono wa mfalme, jambo ambalo halifanywi.

"Mfalme, baba yako alizikwa na nani?"

Mfalme alimtazama usoni, ule uso ambao haujaoshwa. Akamjibu kwa upole, na upole ule Nyamvula hakuusahau: "Mama, umefiwa. Neno hilo sitakuhesabia."

Kapembe yeye alikuwa bado hajatoka kwenye utani. Watani hawafikiri kwamba utani una ukuta. Wanadhani unaendelea tu, kama hewa. Walipombadilishia kamba alimwambia Chilongo kuwa za sasa zinabana vizuri, Wandule wanaanza kujifunza. Chilongo alikuwa anatazama mto. Kapembe akamwambia Nyamvula ampikie, akirudi ale, na mara hii asibanie chumvi, pakacha zima amemletea. Wakaenda. Walipofika penye mgomba wa mwisho aligeuka, na Nyamvula akamwona usoni kwamba sasa ameelewa. Kofia ya Mahimbo ilikuwa bado kichwani mwake.

Wakapelekwa mji wa mfalme, wakaonyeshwa. Kisha mgeni alipoondoka, mfalme akampa awapeleke kwa Bwana wa Hariri, awe na ushahidi. Kutoka huko mbali hakuna aliyerudi, wala kunguru.

Watu husema Nyamvula alikosa. Wengine husema Chilongo. Nimewasikiliza wote, na kila mmoja ana sababu. Chilongo alipandishwa cheo, akaacha kula nyama, na mkewe alisema huamka akiwa amejishika shingo.

Mvua ikanyesha, ikakatika, ikanyesha tena. Na mbali, mbali, mbali, mtoto wa Bwana wa Chuma akampenda mtoto wa Bwana wa Hariri. Ikafanywa harusi. Mara hii mwenye karamu aliweka viti viwili.

Mbiu ikalia. Mpiga mbiu yuleyule, sauti ileile. Wagome ni ndugu zetu wa damu, akasema, kivuko kiko wazi, na anayesema palikuwa na uadui ni mchochezi. Watu wakapiga makofi. Nyamvula aliiangalia mikono yake mapajani. Ilikuwa imekaa.

Kesho yake alinawa uso, akafunga nywele, akavuka. Mawe ya kivuko yalikuwa yameota utelezi. Alikuwa anakwenda kutimiza wajibu wake: Kapembe hana kaburi, lakini ana nyumba, na nyumba ile haijachekeshwa. Njia nzima alijipangia maneno. Angesema Kapembe amekufa mbali kwa sababu hapa palikuwa pafupi. Angesema amewatoroka wadai. Angesema amekwenda kutafuta mke mwingine, maana huyu wa hapa ugali wake una madonge. Alilia akiyapanga, akacheka, akalia.

Alifika uani kwa Sikitu, mke wa Kapembe. Kuku walikuwa wanadonoa. Mtani akiingia kwa mtani humkamata kuku bila kuomba, na mwenye kuku humkimbiza kwa mwiko akimwita mwizi, ndivyo wanavyosalimiana. Nyamvula akainama, akamkamata tetea mmoja mwenye madoa, akambana kwapani, akasimama kungoja mwiko.

Sikitu alitoka jikoni. Alikuwa amekonda. Alimwona Nyamvula, akamwona na kuku.

"Karibu, mama," alisema. "Mchukue tu. Nikutafutie na kamba ya kumfungia?"

Nyamvula alisubiri. Labda kicheko kilikuwa nyuma ya maneno yale, kinakuja. Akasema kwamba ugali wa Sikitu una madonge, ndiyo maana mumewe amekimbia.

Sikitu akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepokea ushauri. Akamletea kigoda, akakifuta vumbi kwa ncha ya kanga. Akamletea maji katika kata safi, akapiga goti kidogo kumpa, kama anavyopewa mgeni asiyejulikana. Akamuuliza habari za safari. Akampa pole ya mume. Hapakuwa na chuki usoni mwake, wala lawama. Nyamvula alizitafuta, angalau apate kitu cha kushika.

"Watoto wangu wameniomba," Sikitu alisema taratibu, "sisi na nyinyi sasa tuheshimiane."

Nyamvula akanywa maji. Akashukuru. Akamweka kuku chini, naye akaenda zake kudonoa na wenzake.

"Asante, mama," Sikitu alisema.

Na tangu siku ile, watu wa Lwangu wanaheshimiana. Wanauziana chumvi na majembe, wanasalimiana vizuri, kila mtu anaitwa bwana na bibi. Na kila upande unazika wafu wake wenyewe, huku unalia.

Ngano imenyamaza.

— Tumeisikia ikinyamaza.

Mwenye kicheko na acheke.

— Tumekosa wa kutuchekesha.

Basi tuketi nayo hivyohivyo, mpaka ipoe.